Daraja la Kigamboni lipo, mbona kivuko cha Magogoni kimebaki?

Aprili 19, 2016, Rais John Magufuli alilifungua Daraja la Kigamboni na kulipa jina la Mwalimu Julius Nyerere, ingawa walikuwapo waliotaka liitwe kwa jina lake yeye. Wakazi wengi wa Jiji la Dar es Salaam waliamini siku ile kwamba msongamano wa Feri, pale Magogoni, ungebaki simulizi ya kuwasimulia wajukuu.

Haikuwa hivyo. Miaka mingi baada ya utepe kukatwa, watu wanaotoka Kigamboni asubuhi kuelekea Posta na Kariakoo wameendelea kusubiri kivuko, kusimama bega kwa bega na pikipiki, mabeseni ya samaki na viroba vya mboga, na kuvuka kwa dakika chache mlango ule ule wa bahari ambao babu zao waliuvuka kwa mitumbwi. Daraja lina magari, na kivuko nacho kina watu.

Wapo wanaolaumu tozo, na wapo wanaosema Waswahili hawapendi kuacha mazoea. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Jibu lenyewe lipo katika mahali daraja lilipojengwa na katika aina ya daraja lililochaguliwa. Mambo hayo mawili hayatengani, na kuyaelewa ni muhimu kwa jiji ambalo Sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu zaidi ya milioni 5.3 na ambalo bado limezungukwa na maji yasiyovukika kwa urahisi.

Macho ya mpita njia huyaona madaraja yote yenye minara na nyaya kuwa ni ya namna moja, nayo huitwa madaraja ya kuning'inia. Kwa wahandisi, tofauti iliyopo kati yake ni kubwa, na ndiyo inayoamua daraja linaweza kuruka umbali gani bila kuweka nguzo majini.

Daraja la kuning'inia kwa maana halisi ni kama kamba ya kuanikia nguo. Kamba nene za chuma hupitishwa juu ya minara miwili mirefu, zikaachwa zilegee katikati kama tumbo la mtumbwi, na ncha zake hufungwa nchi kavu kwenye nanga za zege zenye uzito mkubwa. Kutoka kwenye kamba hizo hushushwa nyaya nyembamba, nazo ndizo zinazobeba barabara. Nanga zikiachia, kila kitu huanguka, kama ambavyo nguo zote huanguka matopeni pale msumari mmoja wa ukutani unapong'oka.

Daraja la Nyerere si la namna hiyo. Nyaya zake hutoka mnarani na kwenda moja kwa moja hadi kwenye sitaha ya daraja, kwa mshazari, kama kamba za mlingoti wa jahazi. Tofauti ni kwamba jahazini kamba huushika mlingoti usianguke, ilhali darajani mlingoti ndio unaoishika sitaha. Aina hii haihitaji nanga kubwa za nchi kavu, kwa kuwa nyaya za upande mmoja wa mnara huvutana na zile za upande wa pili hadi uzito ukasawazika. Daraja la Strömsund la nchini Sweden, lililojengwa katika miaka ya 1950, huhesabiwa kuwa ndilo lililofungua zama mpya za madaraja ya aina hii.

Ipo pia aina ya tatu, ambayo Dar es Salaam imeipata kupitia Daraja la Tanzanite. Humo minara ni mifupi na nyaya zimelala zaidi. Sitaha ni nene na imara, hujibeba yenyewe kwa sehemu kubwa, nyaya zikiisaidia tu. Mhandisi Mfaransa Jacques Mathivat ndiye aliyelieleza wazo hilo mwaka 1988, na Wajapani wakalijenga daraja la kwanza maarufu la aina hiyo huko Odawara mwaka 1994. Daraja la JPM kati ya Kigongo na Busisi mkoani Mwanza, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lililofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 19, 2025, nalo ni la ukoo huo.

Hivyo Tanzania, katika muda wa miaka kumi hivi, imejenga madaraja makubwa matatu ya nyaya. Hakuna hata moja lililo la kuning'inia kwa maana ile ya kamba ya kuanikia nguo, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya.

Mkondo wa Kurasini, ambako Daraja la Nyerere limejengwa, uko nyuma ya bandari. Meli kubwa za makontena na za mafuta huishia kwenye magati kabla ya kulifikia daraja. Kwa kuwa hakuna meli kubwa inayohitaji kupita chini yake, wajenzi waliweza kusimika nguzo majini na kuiweka sitaha kimo cha kadiri. Urefu wake wote ni mita 680, una njia sita za magari, tatu kila upande, na njia za waenda kwa miguu pembeni. Kujenga hapo daraja la kuning'inia lenye nanga nchi kavu kungekuwa sawa na kukodi lori la tani kumi kuhamisha kitanda kimoja.

Lakini njia ya watu haipo Kurasini. Watu hupita Magogoni, kwenye mlango wa bandari, ambako Kivukoni na Kigamboni vinatazamana kiasi kwamba mtu wa ng'ambo huziona taa za magari ya Posta usiku. Anayetoka pale kwenda Kariakoo anaweza hata kutembea kwa miguu akipitia Mnazi Mmoja, na wengi hufanya hivyo ili kuokoa nauli ya daladala. Kwa mtu anayeishi karibu na kivuko upande wa Kigamboni, kwenda kulifuata daraja ni kuipa Kariakoo kisogo kwanza, kuizunguka bandari, kisha kuingia katika foleni ya malori ya Kurasini. Mwenye gari anaweza kuvumilia mzunguko huo. Mama mwenye beseni la samaki hawezi, na hana sababu ya kuuvumilia.

Mbona basi daraja halikujengwa Magogoni?

Kila meli inayoingia Bandari ya Dar es Salaam hupita hapo. Daraja la mahali hapo lingepaswa kuwa juu kiasi cha kuruhusu meli za leo na zile kubwa zaidi za kesho, na lisiwe na nguzo katikati ya njia ya meli. Kwa bandari ya namna hii kimo kinachozungumzwa ni mita 60 hivi juu ya maji. Gari haliwezi kupanda kimo hicho ghafla. Hata mteremko ukifanywa mkali wa mita tano kwa kila mia, barabara ya kupandia ingehitaji zaidi ya kilomita moja kabla ya kufika juu ya maji. Kilomita moja na ushei kutoka Magogoni kuelekea magharibi ni katikati ya Posta, kwenye majengo, makanisa, wizara na benki. Jirani kabisa ni Ikulu.

Daraja la hapo, kwa hiyo, lingeanzia mbali ndani ya jiji na kuwapita juu kwa juu watu wale wale lililokusudiwa kuwavusha. Mwenda kwa miguu angepanda kilomita nzima kwenda juu na nyingine kwenda chini ili avuke maji ambayo kivuko huyavuka kwa dakika chache. Kwa mtu huyo, kivuko kizuri kingeendelea kulishinda daraja zuri.

Yapo majiji yaliyofanya uamuzi tofauti, na mfano wa karibu ni Maputo. Mji mkuu wa Msumbiji una umbo linalofanana mno na la Dar es Salaam: jiji lenye shughuli upande mmoja wa mlango wa bandari, na upande wa pili Katembe, kitongoji kilichokuwa nyuma kimaendeleo, kikiunganishwa na jiji kwa kivuko. Serikali ya huko iliamua kuvuka palepale kwenye maji ya meli, na hapo hapakuwa na njia nyingine ila daraja la kuning'inia. Lilifunguliwa Novemba 10, 2018. Sitaha yake ipo takriban mita 60 juu ya maji, na umbali kati ya mnara na mnara ni mita 680.

Tarakimu hiyo inafaa kutazamwa mara mbili. Daraja la Nyerere, kutoka ncha hadi ncha, lina mita 680. Maana yake ni kwamba daraja zima la Kigamboni lingeenea katika mruko mmoja wa daraja la Katembe, bila nguzo hata moja majini. Mruko huo ulilifanya daraja la Maputo kuwa refu kuliko yote ya kuning'inia barani Afrika, likilipokonya nafasi hiyo Daraja la Matadi juu ya Mto Kongo, lenye mruko wa mita 520, ambalo Wajapani walisaidia kulijenga na likafunguliwa mwaka 1983. Hilo la Matadi liliandaliwa pia kubeba reli. Reli yenyewe haikuwekwa.

Gharama ya Maputo ilitajwa kuwa takriban dola za Marekani milioni 785, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China, katika nchi ambayo tangu mwaka 2016 ilikuwa ikihangaika na kashfa ya madeni ya siri. Daraja la Nyerere lilitajwa kugharimu takriban Sh bilioni 214, ambazo kwa thamani ya fedha ya wakati ule ni kama dola milioni 135 hivi. Hakuna haja ya mchumi kueleza tofauti hiyo. Tanzania ilinunua daraja la bei nafuu mahali palipo rahisi, na ikabaki na kivuko. Msumbiji ilinunua la ghali mahali pagumu, na ikabaki na deni.

Mombasa wanalijua tatizo hili kwa uchungu zaidi. Mlango wa Kilindini una kivuko cha Likoni, nacho kinapita mbele ya meli za bandari kubwa kuliko zote za Afrika Mashariki. Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe kilizama katika maji ya bandari hiyo na watu 272 wakapoteza maisha. Tangu hapo daraja refu la nyaya la kupitisha meli chini yake limezungumzwa na kuchorwa mara nyingi kwa msaada wa Wajapani. Mwaka 2021 Kenya ilifungua daraja la kuelea la waenda kwa miguu huko Liwatoni, ambalo lilifunguliwa katikati kila meli ilipotaka kupita. Lilikuwa jibu la muda, lakini angalau lilianza na swali sahihi, yaani mtu wa miguu anavukaje.

Nchini Tanzania swali la fedha limekuwa kali kuliko la uhandisi. Januari 2012, Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi, nauli ya kivuko cha Kigamboni ilipandishwa kutoka Sh 100 hadi Sh 200 kwa abiria. Kelele zilikuwa kubwa, na kauli ya waziri kwamba asiyetaka kulipa apige mbizi au azungukie Kongowe ilimfuata kwa miaka mingi. Mwaka huo huo ujenzi wa daraja ulianza. Miaka minne baadaye ni yeye yule aliyelifungua, akiwa Rais.

Daraja hilo halikujengwa kwa fedha za serikali peke yake. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulitoa asilimia 60 ya gharama na serikali asilimia 40. Ndiyo maana tangu mwanzo magari yalitozwa, huku waenda kwa miguu wakipita bure. Wakazi wa Kigamboni walilalamika kwamba wao peke yao jijini ndio wanaolipa ili kufika nyumbani, na wabunge wao, akiwamo hayati Dk. Faustine Ndugulile, walilifikisha suala hilo bungeni mara kwa mara. Mwaka 2022 viwango vya tozo vilipunguzwa.

Malalamiko hayo yaliongezeka uzito mwaka huo huo kwa sababu ya Daraja la Tanzanite. Daraja hilo, lenye urefu wa kilomita 1.03 na lililopita baharini kutoka eneo la Hospitali ya Aga Khan hadi upande wa Oysterbay, lilianza kutumika Februari 2022 na kuzinduliwa rasmi na Rais Samia Machi 24. Lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, kazi ikifanywa na kampuni ya GS Engineering ya nchi hiyo. Hakuna anayelipa kulivuka. Mwenye gari anayekwenda Masaki akapita bure, na mwenye bajaji anayekwenda Vijibweni akalipa.

Anayetetea tozo anayo hoja, na si hoja ndogo. Fedha za NSSF ni akiba za wafanyakazi: karani, dereva wa kampuni, mhudumu wa hoteli, fundi wa kiwandani. Daraja likipitwa bure bila mtu mwingine kuulipa mfuko, anayetoa sadaka ni mstaafu wa kesho, awe anaishi Kigamboni au Kigoma. Lakini wengi wa wanaosukuma guta na kuendesha bodaboda kati ya Kariakoo na Kigamboni si wanachama wa mfuko huo. Wamekuwa wakilipia pensheni ya watu wengine kwa safari zao za kila siku. Kati ya makundi haya mawili hakuna mnyonyaji. Kosa ni la utaratibu uliogeuza akiba ya uzeeni kuwa barabara, kisha ukamwachia mpita njia wajibu wa kuirudisha.

Ulimwengu umepitia mabishano haya zamani. Daraja la Golden Gate la San Francisco, lililofunguliwa mwaka 1937, lilijengwa kwa hati fungani ambazo wakazi wenyewe waliziidhinisha kwa kura mwaka 1930. Deni lilimalizika mwaka 1971 kwa fedha za tozo. Tozo haikuondolewa; iligeuzwa kuwa ya matunzo na ya kugharimia mabasi na vivuko vya eneo hilo. Ndiyo, vivuko. Daraja la Brooklyn la New York, la mwaka 1883, lilianza kwa kumtoza hata mwenda kwa miguu senti moja, na kabla ya miaka kumi kupita senti hiyo ilifutwa. Hatua ya San Francisco inastahili kufikiriwa Dar es Salaam: anayepita na gari juu ya daraja huchangia chombo cha anayevuka chini kwa miguu. Kwa sasa daraja lina mwenyewe na kivuko kina mwenyewe, Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, na matatizo ya kimoja si shughuli ya kingine.

Brooklyn ina fundisho jingine, la ununuzi. Wakati daraja hilo likijengwa iligundulika kwamba mfanyabiashara aliyepewa kandarasi ya waya, J. Lloyd Haigh, alikuwa akionyesha waya mzuri kwa wakaguzi kisha akipeleka mbovu kwenye ujenzi. Sehemu ya waya huo ilikuwa tayari imesukwa ndani ya kamba kuu na haikuweza kutolewa. Daraja lilinusurika kwa sababu mhandisi wake alikuwa amekadiria kamba zenye nguvu mara sita ya mahitaji. Hata baada ya wizi, nguvu iliyobaki ilitosha. Nyaya nyingine ziliongezwa, na daraja lingali likitumika.

Wengine hawakubahatika. Daraja la Tacoma nchini Marekani lilidumu miezi minne tu. Novemba 7, 1940, upepo wa kawaida, usio tufani, uliifanya sitaha yake nyembamba ijipinde kama utepe hadi ikakatika. Waliolichora walikuwa wamehesabu uzito wa magari na nguvu ya upepo unaosukuma, bila kuhesabu upepo unaotikisa. Agosti 14, 2018, daraja la nyaya la Genoa nchini Italia, lililofunguliwa mwaka 1967, liliporomoka na kuua watu 43. Nyaya zake zilifunikwa kwa zege, na kutu iliyokuwa ikizila ndani haikuonekana kwa macho.

Kwa Dar es Salaam mfano wa Genoa ndio wa kuzingatiwa. Madaraja yote mawili ya nyaya ya jiji hili yanapulizwa na hewa ya chumvi usiku na mchana. Kila mwenye nyumba ya mabati karibu na bahari anajua hewa hiyo hufanya nini. Nyaya za kisasa hutiwa madini ya kuzuia kutu na kuvishwa mirija ya plastiki, na mara nyingi husanifiwa ili uzi mmoja uweze kubadilishwa bila kulifunga daraja lote. Hata hivyo, usanifu huo hauna faida bila mtu wa kupanda, kupima na kuandika, mwaka hadi mwaka, na bila fedha ya kubadilisha kabla hali haijawa mbaya.

Rekodi ya nchi katika jambo hilo haitii moyo sana. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa chini ya TEMESA, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria kikiwa na abiria wengi kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 220 walikufa. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo mchana kweupe na kuua zaidi ya watu 20 waliokuwa katika biashara zao. Soko Kuu lenyewe, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, likiwa na paa lake la miavuli ya zege ambalo wasanifu wa nchi nyingine walikuja kulitazama, liliungua Julai 10, 2021. Katika ajali zote tatu ujenzi wa kitu haukuwa mwisho wa wajibu. Ulikuwa mwanzo wake, na hapo ndipo macho yalipohama.

Kuhama kwa macho huonekana pia katika uchaguzi wa madaraja ya kujenga. Daraja la nyaya hupigwa picha. Huwekwa kwenye kalenda, kwenye mabango ya kampeni, nyuma ya maharusi. Lakini Kariakoo, ambako nusu ya nchi hununua bidhaa na ambako wafanyabiashara huja kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Comoro, haikuwahi kusimama kwa kukosa daraja la nyaya. Imesimama mara nyingi kwa sababu ya daraja fupi lisilo na mnara wala waya: la Jangwani.

Hapo Barabara ya Morogoro inashuka kuvuka bonde la Mto Msimbazi, mita mia chache kutoka kwenye maduka ya Kariakoo. Mvua kubwa ikinyesha, mto unaoleta maji na mchanga kutoka milima ya Pugu hufurika, maji hupanda juu ya barabara, na njia hufungwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu kadhaa jijini na kuwahamisha wakazi wa bondeni hadi Mabwepande. Baada ya hapo karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa bondeni humo humo, na mabasi yakaanza kazi mwaka 2016. Bonde halikubadili tabia. Mvua zilipokuja mabasi yalizama kwenye maji, na abiria wa Kimara na Ubungo wakashushwa Magomeni kutafuta njia ya kuingia mjini kwa miguu.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, na ndani yake limo daraja jipya la Jangwani lenye urefu wa takriban mita 390. Si la kuning'inia. Litasimama juu ya nguzo za kawaida, kwa kimo cha kuyaacha maji yapite chini. Mradi huo unahusu pia kuhamisha watu waliojenga bondeni, kuondoa karakana, kupanua mto na kuzuia mchanga, kwa kuwa daraja lililoinuliwa juu ya mto usiotunzwa hujazwa mchanga chini hadi kimo chake kikapotea. Wahandisi wamekuwa wakichimbua mchanga chini ya daraja la zamani karibu kila msimu, na kila msimu mto umerudisha mwingine.

Kuhusu Magogoni, kazi iliyobaki ni ya vyombo kuliko ya minara. Kivuko kikipelekwa matengenezo, vinavyobaki hubeba mzigo wa vyote, na foleni hurudi hadi barabarani. Fedha ambazo mruko mmoja wa mita 680 ungezimeza zingenunua vivuko vingi, vidogo na vya haraka, pamoja na magati ya kupandia yenye kivuli na milango miwili badala ya mmoja. Ratiba ya vyombo hivyo ingeweza kupangwa kwa saa za soko: alfajiri, kabla samaki wa Feri hawajapigwa mnada na kabla maduka ya Kariakoo hayajafunguliwa, na jioni, wakati wachuuzi wanaporudi ng'ambo na mabeseni matupu.